Kurekebisha Makosa ya Sura Unapojenga Ndege ya Alumini Nyumbani: Mwongozo Kamili kwa Fundi wa Uganda

Anayejenga ndege ya bati la alumini nyumbani atalikwaruza bati, atalibonyeza, na kuna ribiti atazipiga vibaya. Hakuna anayekwepa. Swali ni afanye nini baada ya hapo, na msimamo wangu ni huu: alama nyingi zisiguswe mpaka siku ya kuandaa rangi, na zile chache zinazohitaji kazi zipewe mkono mwepesi. Mara nyingi madhara makubwa huletwa na matengenezo. Bonyeo dogo ambalo lingezibwa kwa puti nyembamba hupigwa nyundo mpaka bati linatanuka. Ribiti iliyoinama kidogo hutolewa kwa drili, na tundu linabaki limeliwa pande zote.

Kwetu Uganda jambo hili lina uzito zaidi. Ngozi mpya ya bawa, yaani bati la nje linaloifunika, huipati Katwe wala Kiseka jijini Kampala. Huagizwa kwa mtengenezaji wa kifurushi cha vipande vya kujengea ndege (kit), mara nyingi Marekani, ikaja kwa sanduku refu la mbao, ikalipiwa usafiri, na kazi yako ikasimama ukiisubiri. Bati la alumini linalouzwa mjini kwa ajili ya masufuria na paa haliwezi kushika nafasi yake. Ndege za RV za kampuni ya Van's Aircraft, kwa mfano, hutumia zaidi aloi ya 2024-T3 iliyofunikwa pande zote mbili kwa tabaka la alumini safi, nayo huitwa Alclad. Ndege za Zenith na Sonex hutumia zaidi aloi ya 6061-T6. Jua unayo ipi kabla hujaigusa, kwa sababu hazitendewi sawa.

Kwanza amua: ni sura au ni nguvu?

Weka vifaa chini na uangalie alama iko wapi. Mkwaruzo ubavuni mwa kiwiliwili, katikati ya fremu mbili, ni jambo la sura. Mkwaruzo wa kina kilekile uliokatiza boriti kuu ya bawa ni jambo la nguvu, hata kama rangi itaufunika usionekane tena.

Mwongozo huu hauhusu boriti kuu za mabawa na za mkia, mahali injini inapofungwa, miguu ya kutulia, mabano ya bawaba za eleroni, eleveta na usukani wa wima (sehemu zinazocheza kwenye bawa na mkia ili kuongoza ndege), mahali mikanda ya usalama inaposhikizwa, wala matangi ya mafuta. Ukikuta alama huko, pima, piga picha, mwandikie mbunifu wa ndege, kisha usubiri jibu. Usiisugue kwanza ili picha ipendeze. Anayekujibu anataka kuliona kosa lilivyo. Vivyo hivyo, mahali popote ukiona ufa, kunjo lenye ukingo mkali, au tundu lililosogea karibu mno na ukingo wa bati, hilo limeshatoka kwenye mambo ya sura.

Ufa mwembamba hauonekani kwa macho matupu. Nunua lenzi inayokuza mara 10, na pale unaposhuku tumia dawa nyekundu ya kupenya: unaipaka, unaipangusa, kisha unapulizia unga mweupe, na ufa kama upo unachora mstari mwekundu. Usione haya kuomba jicho la pili. Kajjansi, kwenye barabara ya Entebbe, kuna mafundi wanaohudumia ndege ndogo kila siku, na wengi waliosomea chuo cha usafiri wa anga cha Soroti, kilichoanzishwa mwaka 1971, wameshika ribiti nyingi kuliko mimi na wewe. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda nayo ijue mradi wako tangu mwanzo, ili usije ukajadiliana nayo kuhusu kazi ambayo tayari imefungwa ndani ya bawa.

Tafuta makosa kwa mwanga wa ubavuni

Mwanga wa juu huficha. Ngoja jioni au funga milango ya karakana, zima taa, kisha laza tochi karibu kabisa na bati ili mwanga uteleze juu yake. Kila bonde na kila kilima kitatupa kivuli. Baada ya hapo vaa glavu nyembamba ya pamba na pitisha kiganja polepole, ukitoka sehemu nzima kuelekea sehemu unayoishuku. Kiganja ndani ya pamba huhisi kisichoonekana, na mafundi wa bodi za magari kule Ndeeba wanalijua hili vizuri.

Zungushia alama kwa kalamu ya wino yenye ncha laini. Penseli usiitumie, maana grafiti ikibaki juu ya alumini penye unyevu huifanya ilike. Jasho nalo lina chumvi, na alama za vidole ulizoziacha leo zitaonekana kwenye bati baada ya wiki kadhaa. Pangusa kwa kitambaa safi chenye asetoni kila unapomaliza kazi ya siku.

Kuna na ile plastiki ya bluu inayolinda bati. Wengi huiacha mpaka mwisho wakidhani wanalilinda bati. Katika joto na unyevu wetu gundi yake hushika, unyevu huingia chini yake, na ukija kuibandua unakuta madoa ya kulika. Njia nzuri ni kuondoa ukanda wa plastiki pale tu ribiti zitakapopita. Chukua chuma cha kulehemu nyaya za umeme, lainisha ncha yake iwe ya mviringo, na uitelezeshe kandokando ya rula: plastiki inayeyuka na bati halikwaruziki. Wembe au kisu ni marufuku hapo. Sehemu ikishamaliza kazi, plastiki yote itoke.

Mikwaruzo

Kwenye bati la Alclad lenye unene chini ya milimita 1.6, tabaka la alumini safi ni kama asilimia 5 ya unene kila upande. Bati la milimita 0.8, yaani inchi 0.032, lina tabaka la milimita 0.04 tu. Hiyo ndiyo ngao inayozuia aloi ya ndani isilike. Ukisugua kwa bidii ya kuondoa kila mstari, unaondoa ngao ili kuondoa kitu ambacho rangi ingekifunika.

Pitisha ukucha kukatiza mkwaruzo. Ukucha usipokwama, acha. Safisha kwa asetoni na uendelee na kazi, praima, yaani rangi ya chini, itaumaliza.

Ukucha ukikwama kidogo, lowesha msasa namba 400, uzungushe kwenye kibao kidogo, na usugue kwa kufuata urefu wa mkwaruzo, usiukatize. Malizia kwa namba 600, kisha kwa sifongo ya kusugulia ya rangi ya zambarau iliyoiva, ile ya Scotch-Brite. Hapa lengo ni kuondoa ncha kali iliyoko chini ya mkwaruzo, maana mkazo hujikusanya kwenye ncha hiyo na siku moja ufa huanzia hapo. Ukishapata bonde pana, laini, lisilo na kona, simama hata kama bado unaliona. Kisha osha, kausha, na upake praima ya epoksi siku hiyohiyo. Karibu na ziwa, bati lililopoteza ngao lisikae wazi.

Ukucha ukizama, ingiza humo sindano ya geji ya kina au tafuta mwenye nayo, uandike kipimo na umuulize mbunifu ni kina gani anachoruhusu kwa sehemu hiyo.

Pamba ya chuma na brashi ya waya ziondoke kabisa karakanani. Huacha chembe za chuma ndani ya alumini, na metali hizo mbili zikipata unyevu, alumini ndiyo inayolika. Msasa uliotumika kwenye chuma nao usiguse ndege.

Mibonyeo na vinundu

Kuna makosa mawili hapa, na watu huyachanganya. Bonyeo limeingia ndani. Kinundu kimetoka nje. Kinundu ni kibaya zaidi, kwa sababu puti haiwezi kukifunika bila kupandisha eneo zima linalokizunguka.

Kinundu cha kawaida huzaliwa hivi: mwenzako ameingiza mkono ndani ya bawa akishika chuma cha kukingia nyuma ya ribiti, nyundo ya hewa inapiga, chuma kinateleza, na kona yake inagonga bati kutoka ndani. Nje panatokea chunusi ndogo yenye ukubwa wa punje ya mchele. Usiigonge kutoka juu kwa nyundo ya chuma. Tafuta kipande cha mbao ngumu, mvule unafaa, uchonge ndani yake kibonde kifupi, na mwenzako akishikilie ndani, kibonde kikiwa chini ya chunusi. Wewe ukiwa nje, tumia kijiti cha plastiki ngumu chenye ncha ya mviringo. Kandamiza, usipige. Kandamiza tena kando kidogo. Unachotaka ni chunusi ishuke mpaka iwe chini ya usawa wa bati kwa unywele mmoja, kisha uiache. Sasa imekuwa bonyeo, na bonyeo puti inaliweza.

Bonyeo lililotokana na kifaa kuanguka juu ya bawa, kama mkono unafika ndani, sukuma kwa mbao laini kutoka ndani, ukianzia pembeni na kuelekea katikati. Likirudi nusu, simama. Bati lililobonyea limetanuka, yaani lina eneo kubwa kuliko nafasi yake, na kila pigo jipya linaliongezea eneo. Unayeendelea kupiga ukitafuta usawa kamili utaishia na bati linaloruka ndani na nje ukiligusa, na hilo lina kazi ngumu zaidi.

Hapa nina neno la dhati kuhusu fundi wa bodi za magari. Ana mkono mzuri na jicho zuri, na mwaliko wako ataupokea kwa furaha. Lakini moto wake usikaribie ndege. Nguvu ya 2024-T3 na ya 6061-T6 ilitiwa kiwandani kwa kupashwa moto na kupozwa kwa vipimo, na mwali wa gesi unaiondoa pale pale. Alumini haiwi nyekundu ikipata moto kama chuma, kwa hiyo hutaona chochote. Bati litapendeza na litakuwa laini kama la sufuria. Kulehemu 2024 kwa njia za kawaida pia hakufai. Mwite kwa ajili ya puti na rangi, na umweleze kabla hajafungua sanduku lake.

Ukingo wa bati uliojipinda nyoosha mara moja kwa koleo la midomo mipana iliyofunikwa utepe. Mara moja tu. Kupinda na kurudisha mara kwa mara huipasua 2024.

Ribiti: ipi iachwe, ipi itolewe

Hapa ndipo bati huharibiwa kwa urahisi, kwa hiyo tukae napo.

Ribiti za kupiga unazokutana nazo zaidi ni za aina mbili: AN426, yenye kichwa bapa kinacholala sawa na bati, na AN470, yenye kichwa cha mviringo kinachobaki juu. Herufi AD inaonyesha aloi yake. Tarakimu inayofuata ni kipenyo kwa sehemu za 32 za inchi: AD3 ni inchi 3/32, karibu milimita 2.4, na AD4 ni inchi 1/8, karibu milimita 3.2.

Kichwa cha nyuma, kile unachokitengeneza kwa kupiga, kiwe na upana wa mara 1.5 ya kipenyo na kimo cha nusu ya kipenyo. Kwa AD3 ni upana wa karibu milimita 3.6 na kimo cha milimita 1.2. Kwa AD4 ni milimita 4.8 na 1.6. Tengeneza geji ya kipande cha bati chenye matundu ya upana huo, uitumie kila siku. Kukisia kwa macho hudanganya, hasa umechoka.

Kichwa cha nyuma kilichoinama kidogo lakini kina vipimo na kimekaa juu ya tundu lote, kiache. Kilichopungua kidogo, kipigie tena kwa mapigo machache. Kilichobapa kupita kiasi, au chenye ufa, au kilicholala ubavuni kiasi kwamba sehemu ya tundu iko wazi, hicho kitoke. Na kabla ya kukitoa, jiulize kama mkono wako leo una utulivu. Ribiti ya kati ambayo ni mbaya kidogo ndani ya mstari wa ribiti nzuri huwa salama kuliko tundu lililoharibiwa. Ukiwa na shaka kati ya hizo mbili, tuma picha na vipimo kwa mtengenezaji.

Kutoa ribiti, fuata mpangilio huu:

1. Tafuta kitone katikati ya kichwa cha kiwandani. AN470 za AD na AN426 za AD zina kitone hicho. Ndicho mwongozo wa biti yako. Kama kimepotea, piga alama mpya kwa panchi ya alama, yaani chuma chenye ncha, kwa upole.

2. Chukua biti ya kipenyo cha tundu la ribiti au ndogo kidogo. Zile za inchi ni namba 40 kwa AD3 na namba 30 kwa AD4. Kwenye maduka ya Kampala hutapata namba hizo kwa urahisi. Biti ya milimita 2.5 inalingana na namba 40, lakini ya milimita 3.3 ni kubwa kidogo kuliko namba 30, kwa hiyo tumia ya 3.2 kwa kutolea.

3. Zungusha biti kwa mkono kwanza, mizunguko kadhaa, mpaka ikae kwenye kitone. Kisha drili kwa mwendo wa polepole, wima kabisa. Chimba kina cha kichwa peke yake. Kwa AN426AD3 hiyo ni karibu milimita 1 tu. Mara nyingi kichwa kinaanza kuzunguka pamoja na biti, hapo umefika.

4. Ingiza panchi ya pini kwenye tundu ulilochimba, ikaze kando kidogo, na kichwa kitavunjika kitoke. Kikigoma, chimba unywele mmoja zaidi. Usitumie tindo pembeni.

5. Mwenzako aweke kipande cha mbao chenye tundu nyuma, kikizunguka kichwa cha nyuma, ili bati lisibonyee. Wewe toa shina kwa pini na nyundo ndogo. Shina lisipotoka, chimba ndani ya shina kwa biti ndogo zaidi, litalegea lenyewe.

6. Angalia tundu kwa lenzi. Ribiti mpya ya ukubwa uleule ikiingia bila kucheza, piga.

Tundu likiwa limepanuka, kuna ribiti ya uokozi, NAS1097AD4. Shina lake ni la inchi 1/8 lakini kichwa chake kinakaribia ukubwa wa kile cha AN426AD3, kwa hiyo inakaa kwenye kishimo kilekile kinachopokea kichwa bapa na kwa nje hakuna atakayeitambua. Kwa ribiti za kichwa cha mviringo pia ipo ya uokozi yenye shina nene zaidi. Agiza pakiti ya kila moja pamoja na kifurushi chako cha ndege, maana kuagiza ribiti kumi baadaye kutakugharimu kuliko ribiti elfu leo. Lakini kichwa kidogo kinashika kidogo. Moja hapa na moja kule ni sawa. Ukihitaji kadhaa mfululizo, muulize mbunifu. Na hesabu daima ibaki: katikati ya tundu mpaka ukingo wa bati pasipungue vipenyo 2, na kati ya tundu na tundu pasipungue vipenyo 3.

Kichwa bapa kilichobaki juu ya bati kigonge tena kwa kichwa kipana cha nyundo chenye mpira pembeni, huku chuma cha kukingia kikiwa imara nyuma. Kisiposhuka, sababu huwa kishimo kilichokuwa kifupi, na kukisugua kwa msasa kutaondoa Alclad inayokizunguka bila kukiondoa chenyewe. Kiache kwa fundi mwenye kikwangua ribiti chenye kikomo cha kina, au kivumilie. Ukipitisha puti nyembamba kukizunguka siku ya rangi kitapotea.

Alama ya hilali kando ya kichwa inatokana na nyundo iliyoinama au iliyoruka. Ikague kwa lenzi. Ikiwa ni mkunjo laini, lainisha kingo zake kwa msasa 400 na 600 kama mkwaruzo, kisha ngoja puti. Ikiwa imekata bati, rudi kwenye sehemu ya kwanza ya mwongozo huu.

Chanzo cha hilali na vichwa vilivyopasuka mara nyingi ni hewa. Umeme ukipungua nguvu au ukikatika, shinikizo la kompresa linashuka katikati ya mstari, nawe unashikilia nyundo muda mrefu zaidi ili ribiti ikamilike. Aloi ya AD hugangamala kadiri inavyopigwa, na ikishagangamala inapasuka badala ya kutanuka. Ribiti imalizike kwa sekunde 2 au 3. Jaza tangi la kompresa, funga kirekebisho cha shinikizo karibu na nyundo, na umeme ukianza kucheza acha ribiti, ufanye kazi ya kusafisha matundu.

Tundu lililotobolewa mahali pasipo pake

Likiwa peke yake, likiwa na vipenyo 3 kutoka tundu jirani na vipenyo 2 kutoka ukingoni, na liko kwenye ngozi ya kawaida, tengeneza kishimo na uweke ribiti bapa. Litaonekana kama ribiti moja ya ziada, basi. Matundu mawili yaliyoungana yakafanya umbo la tarakimu 8 yanataka kipande cha kuimarisha nyuma, na mchoro wa kipande hicho utoke kwa mbunifu.

Bati linalopwaya

Ukibonyeza katikati ya eneo kati ya mbavu mbili bati linaruka ndani kwa mlio, ukiachia linarudi. Chanzo chake mara nyingi ni joto. Alumini hutanuka kwa sehemu 23 katika milioni kwa kila digrii ya Selsiasi. Ngozi ya mita 2 iliyopigwa na jua la mlangoni, ikiwa na digrii 10 zaidi ya mbavu zilizo kivulini, ni ndefu kwa karibu nusu milimita. Ukiifunga kwa ribiti wakati huo, baadaye ikipoa inavutana na mbavu. Na ikiwa mbavu ndizo zilizokuwa na joto, ngozi inabaki na ziada na inaanza kuruka. Chini ya mabati ya Kampala mchana wa Februari, tofauti hiyo ni rahisi kupatikana. Piga ribiti za ngozi kubwa asubuhi, sehemu zote zikiwa zimelala usiku mzima chini ya paa moja, na uanzie katikati ukielekea pembeni.

Likishatokea, kata pembe nyembamba ya alumini, unene wa milimita 0.6 hivi, iwe fupi kuliko nafasi kati ya mbavu. Safisha ndani ya bati kwa asetoni na sifongo ya kusugulia, ubandike pembe hiyo katikati kwa silanti ya ndege, yaani gundi ya kuziba, na uikandamize kwa uzito mdogo mpaka ikauke. Ribiti hazihitajiki. Kwenye eleroni, eleveta na usukani wa wima usifanye hivi bila ruhusa ya mbunifu, kwa sababu ya uzito.

Ukingo wa nyuma uliojipinda

Weka rula ndefu ya alumini kwenye ukingo wa nyuma wa eleroni au usukani. Michoro ya RV inavumilia upindo wa karibu inchi 0.1, yaani milimita 2.5, kwa urefu wote. Zaidi ya hapo sura na mwendo wa ndege vyote vinaguswa: ukingo wa eleroni uliovimba hubadilisha hewa inavyopita, na ndege inaweza kuegemea upande mmoja. Upindo mdogo wa polepole unyooshe kwa kukandamiza kati ya mbao mbili ndefu zilizonyooka, kidogo kidogo, ukipima kila mara. Mawimbi kati ya ribiti na ribiti, yaache.

Puti, praima na mizani

Sasa ndipo mibonyeo yote uliyoisubirisha inashughulikiwa kwa pamoja. Osha, pitisha sifongo ya zambarau, pangusa kwa asetoni, paka praima ya epoksi. Praima ikishakauka kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, itie ukwaruzo kwa msasa 320 na uweke puti juu yake. Puti ya epoksi yenye chembe nyepesi za kioo ni nyepesi kuliko ile ya magari. Tandaza nyembamba, kwa mikono miwili au mitatu, na usugue kwa kibao kirefu, usitumie vidole, maana vidole huchimba. Bonyeo linalotaka puti nene kuliko milimita 1 halifai kuzibwa. Lirudie kwa njia ya kusukuma au liache lionekane.

Vaa kinyago chenye chujio za mvuke na vumbi. Praima zenye kromati zinasababisha saratani, na vumbi lake ni hatari kama lenyewe. Usisugue praima ya zamani ukiwa mdomo wazi.

Rangi ipulizwe asubuhi bila mvua, Desemba hadi Februari au Juni hadi Agosti kama unaweza kusubiri. Lowesha sakafu, maana vumbi jekundu la barabara ya murramu linafuata kila upepo. Ukiwa upande wa Entebbe na Kajjansi, zima taa za nje kabla ya giza. Wadudu wa ziwani huja kwa makundi kuufuata mwanga, na rangi mbichi hawaiachi.

Mwisho, uzito. Puti na rangi kwenye bawa zinaongeza uzito wa ndege tu, na ndege ya watu wawili huweza kubeba kilo 10 au zaidi za rangi. Lakini kwenye eleroni, eleveta na usukani wa wima, kila gramu iliyo nyuma ya mstari wa bawaba inavuta sehemu hiyo nje ya mizani. Sehemu iliyopoteza mizani inaweza kuanza kutetemeka kwa kasi inayozidi nguvu yake, na mtetemo wa namna hiyo huvunja mkia au bawa kwa sekunde chache. Kwa hiyo sehemu hizo zisipate puti isipokuwa tone pale mkwaruzo ulipo. Baada ya rangi zifunguliwe, ziwekwe juu ya visu viwili vya kupimia kwenye mstari wa bawaba, na zipimwe kama mbunifu alivyoandika. Ikiwa nyuma imekuwa nzito, ongeza madini ya risasi kwenye uzito wa mbele mpaka zirudi kwenye kipimo. Andika kipimo cha kabla na cha baada kwenye daftari la ujenzi, pamoja na picha ya kila kosa ulilolirekebisha na tarehe yake. Mkaguzi atakayesaini ndege yako huenda akauomba ukurasa huo.